Kufanana si undugu: namna ya kuchunguza nasaba ya lugha kwa daftari na kalamu

Kila kijiwe cha kahawa kina mtu wake anayeshikilia kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochakachuliwa. Ushahidi anao mfukoni: kitabu, dunia, habari, sita, saba, tisa. Pembeni yake hakosi wa kumjibu kwamba Kiswahili ni Kibantu kitupu, naye hoja yake ni ile ile ya kuhesabu maneno, ila kahesabu mengine. Wote wawili wameshika mizani mbovu. Maneno kufanana hakutoshi kuthibitisha undugu, na kutofanana hakutoshi kuukanusha. Undugu wa lugha unaonekana pale maneno yanapotofautiana kwa utaratibu mmoja, neno baada ya neno, bila kukosea njia.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujionea mwenyewe. Shahada ya isimu haihitajiki. Tafuta daftari, kalamu, na watu wawili watatu wa lugha nyingine wenye subira. Ukiwa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Kigali, watu hao ni majirani zako. Ukiwa mbali, simu inatosha.

Hatua ya kwanza: chagua lugha, na moja iwe ya kukupinga

Chukua lugha tatu au nne unazozidhania ndugu, kisha ongeza moja unayoamini si ndugu. Hiyo ya mwisho usiidharau. Bila lugha ya kukupinga utaona undugu kila mahali, kama mtu aliyenunua gari jeupe anavyoona magari meupe barabara nzima.

Hapa nitatumia Kikuyu, Kinyarwanda, Kiganda, Kichewa cha Malawi, Kizulu na Kilingala, nikiyapima na Kiswahili. Ya kunipinga ni Kijaluo, ambacho ni cha jamii ya Kiniloti japo wasemaji wake wamekaa na Wabantu kando ya Ziwa Viktoria kwa karne nyingi. Wewe chagua unazozifikia.

Hatua ya pili: chagua maneno yasiyosafiri sana

Mmarekani Morris Swadesh ndiye aliyeeneza mtindo wa kutumia orodha fupi ya maneno ya msingi: viungo vya mwili, maji, moto, mvua, jua, kula, kufa, kuuma, mimi, wewe, moja, mbili. Orodha zake zilikuwa na maneno mia moja au mia mbili. Kwa kuanzia, thelathini yanatosha.

Acha mama na baba. Mtoto mchanga popote duniani huanza na ma na ba kwa sababu midomo ndiyo rahisi kuifunga, na wazazi popote duniani hudhani wanaitwa. Acha pia maneno yanayoiga mlio, na acha vitu vilivyokuja na meli, dini, shule au serikali.

Hatua ya tatu: uliza vizuri

Hapa ndipo watu wengi huharibu daftari. Siku yangu ya kwanza nilimwendea bibi mmoja jirani, Mkikuyu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

Nikagusa jicho langu, nikamwuliza kwao wanaliitaje. Akanijibu: “Riitho rĩaku.” Nikaandika hivyo hivyo, neno moja refu, na kwa wiki nzima nikawa najiuliza hiyo *rĩaku* imetoka wapi. Kumbe bibi alinijibu sawasawa: jicho lako. Nimegusa la kwangu, angesemaje?

Tangu siku ile nauliza kila neno mara mbili, umoja na wingi. *Riitho, maitho.* Jicho, macho. Sehemu inayobadilika ni kiambishi, inayobaki ni shina, na shina ndilo unalolitaka. Kwa vitenzi, uliza sentensi mbili zenye watendaji tofauti, uone kipi hakiguswi. Usikubali neno ulilolitamka wewe kwanza kisha mwenzio akaitikia “ee, ndiyo hilo”, maana wazee wetu wana adabu na hawapendi kumvunja mgeni moyo.

Jihadhari na tahajia pia. *Th* ya Kikuyu hutamkwa kama *dh* ya dhahabu. Kiganda na Kichewa huandika *r* baada ya *i* na *e*, kwingineko *l*, ingawa kwa msemaji ni sauti moja tu. Basi *njira* na *njala* za Kichewa zisikupotezee usingizi: *r* na *l* hapo ni mtu mmoja aliyevaa kanzu mbili.

Hatua ya nne: toa wageni nyumbani

Kabla ya kulinganisha, ondoa maneno ya mkopo. Dalili yake kubwa ni kufanana kupita kiasi. Meza kwa Kiganda ni *emmeeza*, kwa Kinyarwanda *ameza*, kwa Kikuyu *metha*, na Kijaluo nacho, kisicho ndugu, kina *mesa*. Neno linaloingia mpaka kwa mtu asiye wa ukoo lilikuja na mfanyabiashara. Hili lilikuja na Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498.

Dalili ya pili ni familia ya neno kuishi ugenini. Kitabu, katibu, maktaba, mkataba: masikio yanakuambia yanahusiana, lakini hakuna kanuni ya Kiswahili inayokutoa kwenye kitabu hadi maktaba. Kiarabu kinayo, kwa mzizi wake wa k-t-b. Nyumbani kwake ni huko.

Mgeni akikaa sana hugeuka mwenyeji. Waarabu wingi wa kitabu huuita *kutub*, sisi tukasikia *ki-* mwanzoni tukasema vitabu. Fundi gereji alisikia madigadi, akaona huo ni wingi, akauza digadi moja. Na madereva wana kiplefti kimoja, viplefti viwili. Ngeli zetu hazikukopwa, na ndizo zinazowameza wakopwaji. Kwa hilo peke yake yule bwana wa kijiweni alikuwa ameshapoteza nusu ya kesi.

Tarakimu zinataka uangalifu zaidi. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa ni Kiarabu. Lakini zile za zamani hazikufa zote. Tisa iliitwa kenda, na hadi leo Kikuyu kinasema *kenda*, Kinyarwanda *icyenda*, Kiganda *mwenda*. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wamelibeba neno hilo kwenye jina lao: miji kenda, miji tisa. Sita iliitwa tandatu, nayo Kinyarwanda kingali kinahesabu *gatandatu*. Saba ya zamani imejificha harusini: fungate ni zile siku saba za bwana na bibi harusi. Ukikuta neno limefukuzwa sokoni, litafute kwenye majina ya watu na kwenye sherehe.

Hatua ya tano: panga safu, kisha tazama tofauti

Sasa andika maneno yaliyobaki kwa safu, kila lugha na safu yake. Haya matano yawe mfano, la kwanza likiwa la Kiswahili:

mvua: Kikuyu *mbura*, Kinyarwanda *imvura*, Kichewa *mvula*, Kizulu *imvula*, Kilingala *mbula*
njia: Kikuyu *njĩra*, Kinyarwanda *inzira*, Kichewa *njira*, Kizulu *indlela*, Kilingala *nzela*
njaa: Kinyarwanda *inzara*, Kiganda *enjala*, Kichewa *njala*, Kizulu *indlala*, Kilingala *nzala*
kukua: Kikuyu *gũkũra*, Kinyarwanda *gukura*, Kiganda *okukula*, Kichewa *kukula*, Kizulu *ukukhula*
kuuma: Kikuyu *kũrũma*, Kinyarwanda *kuruma*, Kiganda *okuluma*, Kichewa *kuluma*, Kizulu *ukuluma*

Kijaluo kwa maneno hayo hayo kina *koth*, *yo*, *kech*, *dongo* na *kayo*. Hakijali kabisa, na hicho ndicho ulichokitaka kutoka kwake.

Usitazame kinachofanana, tazama pengo. Kila mahali ambapo wenzetu wana *l* au *r*, sisi hatuna kitu. Mvu-a. Nji-a. Nja-a. Ku-a. Ku-uma. Pengo limekaa mahali pale pale kila mara, kama jino lililong’oka. Hapo umepata mlingano wa sauti wa kwanza: *l* ya Kichewa ni *r* ya Kinyarwanda na Kikuyu, nayo ni kimya cha Kiswahili.

Angalia pia mapengo kwenye daftari lako. Sikuweka mvua ya Kiganda, kwa sababu Waganda wanasema *enkuba*, neno jingine kabisa. Sikuweka njaa ya Kikuyu kwa sababu hiyo hiyo. Ndugu hawarithi kila sufuria ya mama. Usilazimishe, acha mraba mtupu.

Sadfa nayo ipo, na moja ni ya kuchekesha: katika Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa kaskazini mwa Queensland nchini Australia, mbwa aliitwa *dog*, kama kwa Kiingereza, na lugha hizo mbili hazihusiani hata kidogo. Neno moja linalofanana ni sadfa. Matano yanayotofautiana kwa njia moja si sadfa tena.

Hatua ya sita: tafuta mlingano wa pili, ujue na unapovunjika

kucheka: Kikuyu *gũtheka*, Kinyarwanda *guseka*, Kiganda *okuseka*, Kizulu *ukuhleka*
macho: Kikuyu *maitho*, Kinyarwanda *amaso*, Kiganda *amaaso*, Kizulu *amehlo*

Ch yetu ni *th* yao Wakikuyu, ni *s* Kigali na Kampala, ni *hl* kwa Wazulu. Ongeza nchi: Kiganda *ensi*, Kinyarwanda *isi* kwa maana ya dunia, Kikuyu *thĩ* kwa maana ya ardhi. Mchanga kwa Kikuyu ni *mũthanga*. Inakubali.

Sasa weka kichwa. Ungetegemea *th* Kikuyu na *s* Kinyarwanda, lakini unapata *mũtwe* na *umutwe*. Mlingano umevunjika? Mwanafunzi mvivu atasema “kila kanuni ina vighairi” na kufunga daftari. Wewe usifunge. Nenda Mombasa na Lamu. Watu wa huko katika lahaja zao husema *kitwa*. Kumbe ch ya kichwa ilikuwa *t* iliyofuatwa na *w*, na ch ya kucheka ilikuwa kitu kingine tangu mwanzo. Huko Unguja hizo ch mbili zimekutana njiani zikafanana. Hapakuwa na kighairi, palikuwa na kanuni mbili.

Lahaja ni hazina kwa sababu hii. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, uamuzi uliotokana na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, kwa hiyo ukiangalia kamusi ya shule peke yake unaona mtoto mmoja wa nyumba. Kiamu, lahaja ya Lamu, kina *mato* kwa macho, *kuteka* kwa kucheka, *nti* kwa nchi, *ndia* kwa njia. Wagiriama, majirani wa karibu kinasaba, wana *matso*, *kutseka* na *tsi*. Ziweke pamoja, mato, macho, matso, uone zinavyoizunguka sauti moja ya zamani kama watoto wanaogombea kanzu ya babu.

Hii kazi ya milingano ndiyo Jacob Grimm wa Ujerumani aliyoifanya kwa lugha za Ulaya mwaka 1822, akifuata nyayo za Mdenmaki Rasmus Rask. Walionyesha kwamba *p* ya Kilatini ni *f* kwa jamii ya Kiingereza na Kijerumani, na *d* ni *t*. Huna haja ya kwenda Ulaya kuhakiki. Padri ametujia kwa Kireno, ambacho ni mtoto wa Kilatini. Fadha ametujia kwa Kiingereza. Ni neno moja la baba, limeingia kanisani kwetu kwa milango miwili. Kisha tazama baiskeli. Pedeli inatokana na mguu wa Kilatini, futi ni mguu wa Kiingereza. P na f, d na t, zote kwenye maneno ambayo fundi baiskeli anayasema kila siku.

Hatua ya saba: chimba ndani ya kinywa chako

Umesema Kiswahili kilidondosha *l*. Mpinzani atauliza: umejuaje kama si wenzetu walioiongeza? Jibu la kwanza ni kwamba kudondosha ni rahisi kuliko lugha sita kuchomeka sauti moja mahali pamoja. Jibu la pili ni tamu zaidi, nalo limo mdomoni mwako.

Weka vitenzi katika kauli ya kutendea. Pika, pikia. Soma, somea. Sasa: nunua, nunulia. Chukua, chukulia. Kaa, kalia. Zaa, zalia. Vaa, valia. Hiyo *l* imetoka wapi? Haikutoka popote, ilikuwapo. Kaa ilikuwa *kala*, zaa ilikuwa *zala*. Mwishoni mwa neno imeanguka, lakini ndani, mbele ya kiambishi, imebaki kama msumari kwenye ukuta ulioondolewa picha.

Usilewe na ugunduzi huo. Sahau ni neno la Kiarabu na halikuwa na *l* mwishoni, lakini tunasema sahaulia na sahauliwa. Dharau, dharauliwa. Wasemaji walizoea kwamba kitenzi chenye irabu mbili mwishoni hupata *l*, wakaipaka na mgeni. Kwa hiyo *l* ya nunulia ni urithi na ya sahaulia ni kuiga. Kwa sikio huwezi kuzitofautisha. Daftari la lugha jirani ndilo litakaloamua.

Na kuna wino wa zamani zaidi. Ulimi, ndimi. Uzi mrefu, nyuzi ndefu. Sauti ya *l* au *r* ikitanguliwa na *n* hugeuka *d*. Ndiyo sababu wataalamu wanaokisia Kibantu cha kale huandika *d* pale ambapo sisi tungedhani ni *l*.

Hatua ya nane: i mbili zilizogeuka moja

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, nisamehe nikikawia.

Andika: mwandishi. Kitenzi ni andika, lakini k imekuwa sh. Pika, mpishi. Fuata, mfuasi. Linda, mlinzi. Jenga, mjenzi. Iba, mwizi. Lewa, mlevi. Gomba, mgomvi. Kila konsonanti iliyosimama mbele ya *-i* ya mtendaji imelainika. Hata zile zilizokufa zinafufuka: lea inatoa mlezi na zaa inatoa mzazi, kwa sababu *l* iliyokuwapo iliwahi kugeuka z kabla haijaanguka.

Sasa andika: andikia. Kuna *i* pale pale baada ya *k*, na k haikuguswa. Kwa nini si “andishia”? Na mti je? T mbele ya i ilimfanya mfuasi, basi kwa nini hatupandi “msi”?

Ndani ya Kiswahili hakuna jibu. I ni i. Nenda kwa bibi wa Kikuyu.

Mwandishi kwa Kikuyu ni *mwandĩki*. Kuandikia ni *kwandĩkĩra*. Mti ni *mũtĩ*.

Tazama vizuri alama ile juu ya herufi. Kikuyu kina irabu saba, si tano, na mbili kati yake ni *i* na *ĩ*, sauti tofauti kabisa kwa mwenyewe. Ya mtendaji ni *i* kali. Ya kutendea na ya mti ni *ĩ* iliyolegea. Kiswahili cha zamani nacho kilikuwa nazo zote mbili. I kali ndiyo iliyolainisha konsonanti, ile iliyolegea haikuwa na nguvu hiyo. Baadaye zikaungana zikawa i moja, na chanzo kikafutika, tukabaki na matokeo.

Umepata na mpangilio wa wakati bila tarehe yoyote. Kulainika kulitangulia, kuungana kwa irabu kukafuata. Ingekuwa kinyume, leo tungekata misi na kuandishiana barua.

Hakiki kwa wengine: Kinyarwanda kina *umwanditsi* lakini *kwandikira*, Kiganda kina *omuwandiisi* lakini *okuwandiikira*. Ts na s mbele ya mtendaji, k mbele ya kutendea. Lugha zote mbili zina irabu tano kama sisi. Kikuyu kimebaki na saba na konsonanti zake hazikulainika hapo. Na ukiangalia pembeni utaiona tena ile *r* ya *-ĩra* na *-ira*, ambayo kwenye andikia yetu haipo. Neno moja, kanuni mbili.

Hatua ya tisa: kisia mzazi, uweke nyota

Ukishapata milingano mitatu minne, andika umbo unalodhani lilikuwapo na uliwekee nyota mbele: \*muntu. Nyota ina maana “hakuna aliyewahi kuliona limeandikwa”. *Omuntu* Kampala, *umuntu* Kigali na Durban, *munthu* Malawi, *mũndũ* Kikuyu, *moto* Kilingala, mtu kwetu. Kwa wingi wa neno hilo ndipo mwanaisimu Mjerumani Wilhelm Bleek alipopata jina Bantu, lililoenea kupitia sarufi yake linganishi ya mwaka 1862. Mjerumani mwenzake, Carl Meinhof, ndiye aliyeichukulia kwa uzito kazi ya kuweka nyota, mwaka 1899.

Andika nyota kwa penseli. Lugha ya saba ikiingia kwenye daftari huenda ukafuta.

Hatua ya kumi: panga ukoo, na usidanganywe na Mkamba

Kupanga nani yuko karibu na nani kunataka ubunifu wa pamoja, yaani mabadiliko yaliyotokea kwa kundi moja tu. Kubaki na kitu cha kale hakuthibitishi ukaribu. Ndugu wawili wa mbali wanaweza wote kuwa wamehifadhi saa ya babu.

Na hata ubunifu una mtego. Kwa Kikamba mvua ni *mbua*, njia ni *nzĩa*, njaa ni *nzaa*. *L* imeanguka, kama kwetu! Mgiriama yeye anasema *mvula*. Je, Mkamba ni ndugu yetu wa karibu kuliko Mgiriama?

Fungua ukurasa wa macho. Kikamba: *metho*. Kucheka: *-theka*. Mtu: *mũndũ*. Huyo ni pacha wa Kikuyu, hana shaka. Kudondosha *l* ni jambo jepesi, Wakamba walifanya kwao na sisi tukafanya kwetu. Ndiyo maana haupangi ukoo kwa badiliko moja, hasa lililo rahisi. Kigiriama na wenzake wa Mijikenda, Kipokomo, Kingazija cha Komoro na Kiswahili wamewekwa nyumba moja iitwayo Sabaki, kwa jina la mto wa Kenya, kwa sababu ya furushi zima la mabadiliko.

Ukiendelea kupanda juu ya ukoo utafika kwenye lugha za Kibantu zipatazo mia tano. Matawi yaliyoachana mapema zaidi yamejazana kaskazini magharibi, ndiyo maana watafiti huweka chimbuko mpakani mwa Nigeria na Kamerun, miaka elfu nne hadi tano iliyopita. Mantiki ni ya kawaida: penye vizee wengi wa ukoo ndipo penye kaburi la babu.

Hatua ya kumi na moja: kagua maandishi ya zamani na maana

Kwa Kiswahili tuna bahati ya maandishi. Barua za Kilwa za mwaka 1711 zimehifadhiwa Goa, India, kwa hati za Kiarabu. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1882. Ndani yake utakutana na Kimvita, lahaja ya Mombasa, cha wakati ule. Kumbuka tu kwamba hati za Kiarabu hazikutosha kwa sauti zetu zote, kwa hiyo usizisome kama rekodi ya kanda.

Maana nazo huhama. Kuandika meza ni kuipanga kwa chakula, na mwenye kusema hivyo hashiki kalamu. Hiyo ndiyo maana ya kupanga na kutandaza, na kalamu ilikuja baadaye. Kufua chuma na kufua nguo ni kitenzi kimoja cha kupiga. Mwenye mashine ya kufulia hapigi chochote, neno limebaki na jasho la mtoni.

Zoezi la kuondoka nalo

Andika haya kwenye ukurasa mpya, Kiswahili kisha Kikuyu:

kufa, *gũkua*
-fupi, *-kuhĩ*
mafuta, *maguta*

F yetu ni k kwao mara mbili, kisha mara ya tatu ni g. Usiandike “kighairi”. Rudi kwenye safu za juu, utazame kwamba kuuma ni *kũrũma* lakini kucheka ni *gũtheka* na kukua ni *gũkũra*. Kinyarwanda kinafanya hivyo hivyo: *kuruma*, lakini *guseka* na *gukura*. Kiambishi ni kimoja. Angalia sauti inayofuata baada ya hiyo k au g, kisha angalia sauti inayofuata ndani ya *maguta*.